Tone la damu kabla ya sindano: funzo la kondoo waliokufa baada ya kuvuka Rusizi

Na Mwandishi Wetu, Rusizi

KONDOO wa kwanza alikufa usiku wa tatu tangu anunuliwe. Wa pili alikutwa amelala ubavu asubuhi ya siku ya nne, hapumui. Wanne waliobaki walikuwa wamesimama kwenye kona ya zizi, masikio yameshuka, hawagusi majani.

Mfanyabiashara aliyewanunua, mama wa Bukavu anayevuka daraja la Rusizi karibu kila wiki, alirudi Nyakarenzo akiwa na hasira na hesabu yake ya hasara kichwani. Mfugaji aliyemuuzia alimpokea kwa heshima, akamkalisha, kisha mabishano yakaanza.

"Baba, uliniuzia wagonjwa," alisema mama.

"Mama, hapa walitoka wakila majani. Uliwaona kwa macho yako, ukawachagua mwenyewe," alijibu mzee.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli kadiri walivyoiona, na hakuna aliyekuwa na cha kumwonyesha mwenzake. Veterineri aliyeitwa kusuluhisha hakuanza na kondoo. Aliuliza wamedungwa nini. Mama akaeleza: siku ya pili aliwachoma dawa ya "mkojo damu", siku ya tatu antibiotiki, na jioni yake dawa ya ndigana ya ng'ombe aliyoshauriwa dukani. Swali lililofuata lilinyamazisha wote: nani alichukua damu kabla ya sindano ya kwanza?

Hakuna aliyechukua. Kuanzia hapo, ugomvi ule ukawa hauna shahidi.

Wafanyabiashara wa mifugo kati ya Rwanda, Burundi na Kongo wanaijua hali hii vizuri. Kondoo ni mtaji mdogo unaotembea kwa miguu yake, na ukianguka njiani unaanguka na karo ya shule, mkopo wa kikundi na jina lako sokoni. Makala haya yanaeleza jinsi magonjwa ya kupe yanavyotambuliwa kwa kondoo, na kwa nini kipande cha kioo na tone la damu vinaweza kukuokolea fedha zaidi ya chupa tatu za dawa.

Mnyama wa mpakani

Nyakarenzo ni moja ya tarafa 18 za Wilaya ya Rusizi, eneo ambalo wengi bado wanaliita Cyangugu. Ni nchi ya vilima. Ukishuka kusini unafika kwenye joto la uwanda wa Bugarama, mahali ambapo Rwanda, Burundi na Kongo zinakaribiana. Ukielekea upande wa pili unafika Kamembe na mipaka ya Rusizi ya Kwanza na ya Pili, ng'ambo yake Bukavu.

Kondoo ana nafasi ya pekee hapa. Kwa desturi ya zamani Wanyarwanda wengi hawakula nyama yake. Alifugwa pamoja na ng'ombe, akachunga naye na kulala karibu naye. Leo walaji wapo, lakini desturi haijafutika yote, na kondoo wa vilimani mara nyingi hutafutiwa mnunuzi mbali na alikozaliwa.

Mambo hayo mawili yanamhusu mfanyabiashara moja kwa moja. Kondoo anayechunga na ng'ombe hushirikiana naye kupe. Na kondoo anayesafirishwa huondoka na kupe hao masikioni, na wakati mwingine huondoka na vimelea ndani ya damu, huku akionekana mzima kabisa.

Majina manne, dawa tofauti

Wafugaji wa ukanda huu wana majina ya magonjwa ya kupe yanayojulikana: ndigana kali, ndigana baridi, mkojo damu na maji moyo. Tatizo ni kwamba majina hayo yamezoeleka kwa ng'ombe, na wengi huyahamishia kwa kondoo bila kubadilisha chochote.

Tuanze na ndigana kali, ambayo Wanyarwanda huiita ikibagarira. Husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia wa masikio. Ni ugonjwa wa ng'ombe; kondoo hauugui. Kondoo ana Theileria zake, na zile zinazojulikana zaidi kusini mwa Sahara kwa kawaida humsumbua kidogo tu. Ipo Theileria kali ya kondoo, lakini sifa yake mbaya imetoka zaidi Afrika ya kaskazini, Sudani na Mashariki ya Kati. Kwa hiyo dawa ya ndigana kali, ambayo ni ya bei kubwa kuliko nyingine zote kwenye rafu, mara nyingi ni fedha iliyotupwa ikidungwa kwa kondoo wa vilima hivi.

Mkojo damu husababishwa na Babesia, kimelea kinachoingia ndani ya seli nyekundu za damu na kuzipasua. Kondoo hupata homa, utando wa macho hupauka kisha huwa wa manjano, na mkojo huweza kuwa na rangi ya chai ya rangi au kahawa. Dawa yake inayopatikana kwa urahisi ni diminazini.

Ndigana baridi, au anaplasma, haisababishwi na kimelea wa aina hiyo bali na bakteria anayekaa pembeni mwa seli nyekundu. Kondoo wengi huwa naye bila dalili. Safari ndefu, njaa au minyoo vikimdhoofisha mnyama, bakteria huyo huamka na damu huisha. Diminazini haimgusi, yeye hutibiwa kwa oksitetrasiklini.

Maji moyo pia huletwa na bakteria, anayebebwa na kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi mgongoni, anayependa sehemu za joto. Kondoo hupata homa kali, kisha huanza kutembea kwa kuinua miguu juu isivyo kawaida, kuzunguka, kuanguka na kupiga miguu hewani kama anaogelea. Akifa na kupasuliwa, maji hukutwa kifuani na kwenye mfuko wa moyo, ndiyo asili ya jina. Oksitetrasiklini husaidia ikiwahi mapema sana. Ikichelewa, haisaidii.

Yupo na wa tano, ambaye jina lake lina mji wa Afrika Mashariki ndani yake.

Nairobi, 1910

Kuanzia mwaka 1910, madaktari wa mifugo wa Kenya ya wakati huo walichunguza vifo vya kondoo na mbuzi katika eneo la Nairobi. Wanyama walipata homa kubwa, wakaharisha kamasi na damu, wakafa kwa wingi. Mwaka 1917 Eustace Montgomery alichapisha maelezo ya ugonjwa huo na kuonyesha kwamba huenezwa na kupe. Baadaye ikajulikana kuwa chanzo ni virusi, na kupe wake mkuu ni yuleyule wa kahawia wa masikio anayeeneza ndigana kali kwa ng'ombe. Hadi leo unaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi.

Kwa mfanyabiashara, funzo kubwa la ugonjwa huo ni nani hufa. Kondoo aliyezaliwa na kukulia penye kupe hao mara nyingi huwa na kinga. Anayeanguka ni yule aliyetolewa sehemu isiyo na kupe na kuletwa penye kupe, kwa mfano aliyetoka nchi kavu akapelekwa soko la mjini. Kwa maneno mengine, biashara yenyewe ndiyo humkutanisha mnyama asiye na kinga na kupe aliyebeba ugonjwa. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuutibu, na sindano yoyote unayomdunga kondoo mwenye virusi hivyo haiwezi kuviua.

Kanuni hiyo ya kuhama inafanya kazi pia kwa Babesia na maji moyo. Kondoo wa mlimani akiteremshwa Bugarama au uwanda wa Ruzizi upande wa Kongo hukutana na kupe ambao mwili wake hauwajui.

Shahidi ni kioo

Dalili zinafanana, dawa hazifanani. Ndiyo maana vipimo vinahitajika, na kipimo cha kwanza si cha ajabu. Mtu yeyote wa Rusizi au Bukavu aliyewahi kutobolewa kidole kwenye kituo cha afya kupimwa malaria kwa hadubini amekwisha kukiona.

Veterineri husafisha ncha ya sikio la kondoo, hulikausha, kisha hulitoboa mshipa mdogo kwa sindano. Tone la kwanza ndilo zuri kwa kutafuta Babesia, kwa kuwa vimelea hivyo hukusanyika zaidi kwenye mishipa midogo kuliko kwenye mshipa mkubwa wa shingo. Tone huwekwa kwenye kioo cha maabara, slaidi, na kuburutwa kwa ukingo wa slaidi ya pili hadi litandazike jembamba. Hukaushwa hewani kwa kupepewa, mbali na nzi, kwa sababu nzi hula damu ile na kuiharibu. Kisha huloweshwa kwenye methanoli kwa dakika chache ili ishike, na kuandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka humo.

Slaidi iliyokaushwa na kushikishwa hivyo haihitaji barafu. Inaweza kusafiri kwenye kiboksi kidogo hadi penye hadubini, hata hadi maabara ya taifa ya mifugo ya Rubirizi, Kigali, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Damu ya majimaji, ile inayowekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, ndiyo inayohitaji ubaridi na haraka.

Maabara hupaka rangi ya Giemsa, ileile ya malaria, na mtaalamu huangalia kwa lenzi inayokuza mara 1,000. Babesia huonekana ndani ya seli nyekundu, mara nyingi wawiliwawili, umbo la tone au pea, ncha zimegusana. Anaplasma ni kidoti cheusi pembeni mwa seli. Theileria ni vijiti au vipete vidogo sana. Maji moyo hayaonekani kwenye damu ya kawaida. Hutafutwa kwenye ubongo wa mnyama aliyekwisha kufa.

Hapo ndipo swali la veterineri wa Nyakarenzo linapoeleweka. Dawa ikishaingia mwilini, vimelea huanza kupotea kwenye damu. Slaidi ya kesho itakuwa safi, na usafi huo hautasema kama kondoo hakuwa na ugonjwa au kama dawa imeuficha. Damu huchukuliwa kwanza, sindano hufuata. Si lazima kusubiri majibu ndipo utibu: mnyama akiwa taabani veterineri atatibu papo hapo kwa makisio yake, lakini slaidi itakuwa tayari mfukoni.

Hata Koch alikosea

Ni vizuri pia kujua mpaka wa kipimo hiki. Mwaka 1888 Victor Babeș wa Romania aliona vimelea kwenye damu ya ng'ombe wagonjwa, na miaka michache baadaye akaviona kwa kondoo. Jina Babesia limetokana naye. Mwaka 1893 Wamarekani Theobald Smith na Fred Kilbourne walichapisha uthibitisho kwamba kupe ndiye mbebaji kwa ng'ombe. Dunia nzima ya sayansi ikawa na hamu ya kupe.

Katika hali hiyo Robert Koch, daktari Mjerumani mwenye sifa kubwa kuliko wote wa wakati wake, alifika Dar es Salaam mwaka 1897. Aliona vijiti vidogo kwenye damu ya ng'ombe na kuvichukua kuwa ni umbo changa la Babesia ileile ya Marekani. Haikuwa hivyo. Vilikuwa vya ndigana kali, ugonjwa mwingine kabisa, na ilichukua miaka hadi Arnold Theiler, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipotenganisha kimelea hicho mwaka 1904.

Koch alikiona kimelea, ila alikosea jina lake. Kosa lililo karibu na hilo hufanyika hadi leo kwa namna nyingine: mtu huona Theileria mbili tatu kwenye damu ya kondoo na kutangaza kuwa amempata muuaji. Huenda kondoo huyo amekuwa nazo tangu alipokuwa mwanakondoo, na kinachomuua ni kingine. Kipimo cha kisasa cha vinasaba, PCR, hutaja aina ya kimelea kwa uhakika na hukinasa hata kikiwa kidogo mno, lakini nacho husema tu kwamba kimelea kimo. Hakisemi kama ndicho kinachoua. Jibu la maabara lazima lisomwe pamoja na homa, rangi ya macho, wingi wa vimelea na historia ya safari.

Wanaofanana na wagonjwa wa kupe

Kifaa cha pili ni cha bei ndogo zaidi: kipimajoto. Joto la kawaida la kondoo aliyetulia ni takriban nyuzi 38.5 hadi 39.5. Akifika 41, kitu kinapigana ndani ya mwili. Akiwa amepauka macho lakini joto ni la kawaida, fikiria minyoo kabla ya kupe.

Katika nchi ya mvua na mabonde yenye maji kama Rusizi, minyoo ya tumbo inayonyonya damu na minyoo bapa ya ini humpausha kondoo sawasawa na Babesia. Dalili yao inayojulikana ni uvimbe laini chini ya taya. Kipimo chao ni kinyesi, si damu, na dawa yao ni nyingine kabisa.

Mkojo mwekundu nao una mwongo wake. Kondoo huvumilia shaba kidogo sana kuliko ng'ombe. Akilishwa kwa muda mrefu chakula cha madini kilichotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, shaba hujikusanya kwenye ini, na siku atakapopata msukosuko, kama safari, seli za damu hupasuka kwa mkupuo: macho ya manjano, mkojo mweusi, kifo. Mfanyabiashara atasema ni kupe. Slaidi itakuwa haina kimelea.

Na kuna tahadhari isiyojadiliwa. Kondoo aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma asipasuliwe, asichunwe, asiliwe. Huenda ni kimeta, kinachoua na watu. Mwite veterineri.

Kuhesabu siku

Turudi kwenye ugomvi wa mama na mzee. Bila slaidi, veterineri alibaki na kalenda. Mkojo damu kwa kawaida hujitokeza wiki moja hadi tatu tangu kupe alipouma. Maji moyo huchukua mara nyingi kama wiki mbili. Ugonjwa wa kondoo wa Nairobi ni wa haraka, siku chache tu.

Kondoo waliokufa siku ya tatu na ya nne baada ya kununuliwa, kama waliuawa na Babesia au maji moyo, basi waliumwa na kupe wakiwa bado kwa mzee. Kama ni virusi vya Nairobi, kupe anaweza kuwa wa Nyakarenzo, wa njiani au wa zizi la Bukavu. Kama ni anaplasma au shaba, mzigo ulikuwa ndani ya mnyama siku nyingi, na safari ndiyo iliyoufungua. Kalenda ilipunguza majibu lakini haikubakiza moja.

Veterineri alichukua damu ya kondoo mmoja aliyebaki. Majibu yalirudi bila kimelea, kama alivyotabiri, kwa sababu ya dawa tatu zilizotangulia. Wazee wa jirani wakaamua hasara ya wale wawili igawanywe nusu kwa nusu. Mama alikubali kwa shingo upande. Mzee pia.

Kabla ya kulipa

Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Kupe hawakungoja mikataba hiyo. Uchunguzi wa jeni za kupe wa kahawia wa ng'ombe katika nchi hizi tatu, uliowahusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika cha Bukavu, ulikuta koo zilezile pande zote za mpaka. Kwa hiyo kumlaumu mtu wa ng'ambo kwa kupe wake hakuna maana. Kinachobaki ni kila mnunuzi kujilinda pale pale penye bei.

Muulize muuzaji kondoo wamechungia wapi mwezi uliopita, na mara ya mwisho kuogeshwa dawa ya kupe ni lini. Kagua ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye tumbo na katikati ya mapaja. Vuta kope la chini uone rangi. Pima joto. Mwombe veterineri anayekuandikia hati ya afya achukue slaidi ya damu ya kondoo mmoja mmoja na kuiandika tarehe, nawe uihifadhi hata kama huipeleki maabara siku hiyo. Ukifika nyumbani watenge wiki tatu kabla ya kuwachanganya na wengine. Na kama kondoo amedungwa dawa, soma kwenye chupa siku za kungoja kabla ya kuchinja, maana mlaji wa mshikaki wa Bukavu hakununua antibiotiki.

Mama yule alirudi Nyakarenzo wiki mbili baadaye, kwa mzee yuleyule. Alichagua kondoo watatu, akawavuta kope, akawapekua masikio. Kisha akamwambia mzee wamngoje veterineri kwanza, ndipo wahesabiane fedha. Mzee akatoa kiti.